Udhuru na Kisingizio

Msomaji mwema, katika barua zote ambazo mtu huandika maishani mwake, iliyo ngumu kuliko zote si barua ya posa wala si barua ya kuomba kazi. Ngumu kuliko zote ni ile ambayo mwandishi wake hutakiwa aeleze kwa nini zamani hakufanya vizuri. Barua ya posa husindikizwa na matumaini, na barua ya kazi husindikizwa na vyeti vya sifa. Barua hii ya tatu husindikizwa na ushahidi dhidi ya mwenyewe aliyeiandika, na ushahidi huo umepigwa muhuri wa chuo.

Wewe u kijana wa shule ya sekondari, na yamkini waona kwamba jambo hili li mbali nawe. Haliko mbali kama udhanivyo. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya alama hupangwa hivi: mwenye wastani wa 70 kwa mia na zaidi hupewa shahada ya daraja la kwanza, wa 60 hadi 69, daraja la pili la juu, wa 50 hadi 59, daraja la pili la chini, na wa 40 hadi 49 hupewa shahada ya kupita tu. Atakaye kuendelea na shahada ya uzamili aghalabu hutakiwa awe na daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini hafungiwi mlango kabisa, ila hutakiwa aonyeshe kazi aliyoifanya baada ya kuhitimu, mara nyingi kazi ya miaka miwili au zaidi katika fani yake. Kati ya 59 na 60 pana alama moja tu kwa hesabu ya darasani. Kwa safari ya elimu, alama hiyo moja ni mkondo wa bahari: aliye ng'ambo hii lazima atafute chombo, na aliye ng'ambo ile amekwisha kufika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kisiwa cha Pate. Elimu yangu ni ya chuo cha ualimu, na chuo kikuu sikukaa. Lakini katika visiwa vyetu vya Lamu mwalimu ni mwandishi wa watu wote. Huletewa barua za mirathi, za mashamba, za mikopo, za vijana waliopotelewa na vitambulisho. Na katika miaka ya karibuni nimeanza kuletewa barua za vijana niliowafundisha kusoma, ambao sasa wamenipita kwa elimu, nao wataka jicho la pili kabla ya kupeleka maombi yao. Sioni haya kuwasaidia. Mtu anaweza kuwa hajapata kupanda ndege na bado akajua kwamba tiketi ya mwenzake imeandikwa jina lisilo lake.

Mwaka 2022 alinijia binti mmoja wa Kizingitini, upande wa mashariki wa kisiwa chetu. Nilimfundisha hata akamaliza darasa la nane. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2013, na mwaka uliofuata akaingia chuo kikuu kimoja, mbali na pwani, kusoma elimu ya uvuvi na viumbe vya bahari. Alihitimu mwaka 2018 kwa wastani wa 57. Sasa alitaka uzamili. Fomu ya maombi ilikuwa na nafasi iliyomtaka aeleze jambo lolote ambalo wasomaji wa maombi yake wangepaswa kulijua kuhusu matokeo yake. Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kiganja cha mkono. Akanipa karatasi aliyoiandika, akaketi kando akitazama miguu yake.

Aliandika kwamba katika mwaka wa kwanza na wa pili alikuwa mgonjwa.

Nilimwuliza, "Ugonjwa gani, mwanangu?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mtu akisema alikuwa mgonjwa haulizwi zaidi."

"Huulizwa cheti cha daktari."

"Cheti chaweza kupatikana."

Hapa, msomaji, nataka tuketi kidogo, maana lugha yetu imetupa maneno matatu ambayo vijana huyachanganya kama dagaa katika tenga moja. Neno la kwanza ni sababu. Sababu ni kile kilicholeta jambo, kiwe chema au kiovu, kiwe cha mtu au cha Mungu. Uvivu ni sababu. Njaa ni sababu. Neno la pili ni udhuru. Udhuru ni sababu ambayo mtu mwadilifu akiisikia humwondolea mwenziwe lawama, yote au baadhi. Msafiri ana udhuru wa kutofunga, na mgonjwa ana udhuru wa kuswali ameketi. Neno la tatu ni kisingizio, yaani nguo ya kuazima. Huvaliwa mbele za watu, na mwenye nguo akija kuidai, aliyeivaa hubaki uchi kuliko alivyokuwa kabla ya kuazima. Binti yule alikuwa na udhuru halisi nyumbani kwake, akauacha, akaenda kuazima kisingizio. Jambo hilo lilinishangaza, nikamtaka anieleze kisa chote.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Baba yake ni mvuvi wa jarife, wavu unaotegwa jioni na kutolewa alfajiri. Mwezi wa Juni 2014 yalitokea mashambulio ya Mpeketoni, watu wengi wakauawa, na mwezi wa Julai serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku katika Lamu, tangu jioni hata asubuhi. Amri iliongezwa muda tena na tena, na wavuvi wa usiku wakabaki pwani wakitazama maji. Hata baadaye, ruhusa ya kuvua usiku haikurudi upesi. Sitaki kubishana hapa juu ya haja ya amri ile. Waliokuwa na dhamana ya usalama walikuwa na hoja zao, na waliokuwa na watoto wa kulisha walikuwa na zao. Lakini jarife halitegwi mchana. Binti aliondoka nyumbani mwaka uo huo, akapanda mashua hadi Lamu na chombo kingine hadi Mokowe, kisha basi lililosindikizwa na polisi, akafika chuoni na karo ya nusu muhula.

Mihula miwili karo ilichelewa. Siku ya mtihani majina ya wenye deni yalibandikwa mlangoni, na jina lake lilikuwamo. Mitihani miwili ilimpita. Alipoifanya baadaye, kanuni ya chuo chake ilikuwa kwamba mtihani wa marudio haupewi zaidi ya 40, hata mtu akijibu yote sawasawa. Kwa hiyo katika hati yake ya matokeo pana 40 mbili zinazoonekana kama za mtu aliyeponea chupuchupu, nazo ni dari iliyowekwa na chuo, wala si kimo cha mwanafunzi. Wakati huohuo alikuwa akiamka saa kumi za usiku kukanda unga na kupika mahamri ya kuwauzia wenzake, ili apate chakula chake mwenyewe, na mihadhara ya asubuhi mara nyingi ilianza yeye akiwa bado jikoni. Wastani wake wa miaka miwili ya mwanzo ulikuwa 51. Mwaka wa tatu alipata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, mahamri yakaachwa, na wastani wa miaka miwili ya mwisho ukawa 63.

Tazama hesabu hiyo, msomaji. Mtu akitazama 57 pekee ataona mwanafunzi wa kadiri. Akizitazama 51 na 63 zimewekwa kando kwa kando, ataona mtu aliyekuwa amefungwa mguu, kisha akafunguliwa. Nikamwambia binti, "Mali yako yote imo katika nambari hizi mbili. Kwa nini wataka kuifunika kwa ugonjwa usiokuwapo?"

Akasema, "Mwalimu, nikiandika hayo nitakuwa nimemwanika baba yangu."

Ndipo nilipofahamu. Sisi watu wa pwani tuna jambo tuliitalo sitara. Nyumba zetu za mawe katika mji wa Lamu zilijengwa kwa sitara: mlango haufungukii sebuleni moja kwa moja, bali kuna daka na njia ya kupinda, ili mpita njia asione ndani. Mwenye nyumba ya makuti naye hutundika pazia. Shida ya nyumba husemwa ndani ya nyumba. Mtu hulala na njaa, na jirani akimwuliza hali, hujibu njema. Mimi siidharau desturi hii. Nimelelewa ndani yake, na naona imewaokoa watu wengi na masimango. Binti yule hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa akitafuta pazia la kumsitiri baba yake, na pazia lililokuwa karibu na mkono wake lilikuwa la uongo.

Wako walimu ambao wangemwambia kwamba haya haina nafasi katika mambo ya elimu. Sikuweza kumwambia hivyo, kwa sababu siamini. Nilimwambia kwamba siri ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao yu hai na ana kauli. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, tukaenda kwa mzee.

Tulimkuta kivulini akiziba matundu ya jarife kwa sindano ya mti. Nilimwamkia, "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwalimu. Karibu mkekani."

Baada ya kuulizana hali nikamweleza. "Ami, mwanao aandika kwa wakubwa wa chuo. Wataka kujua kwa nini alama zake za mwanzo zilikuwa chini. Hataki kutaja habari ya karo bila ya idhini yako."

Mzee hakuinua macho. Aliunga jicho moja la wavu, akakata uzi kwa meno, kisha akauliza, "Wataandikiwa kwamba sikutaka kulipa, au kwamba sikuweza?"

"Kwamba haikuwezekana."

"Na watajua kwa nini?"

"Ukiridhia."

Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Kisha akasema, "Bahari sikuifunga mimi. Waandikie. Lakini jina langu lina kazi gani humo?"

"Halina kazi yoyote, ami."

"Basi liache lipumzike." Akataja jambo jingine moja alilolifanya katika miaka ile ili mwanawe asirudi nyumbani, jambo ambalo binti mwenyewe alikuwa halijui hata siku ile, akaomba lisiandikwe. Halikuandikwa katika barua, wala halitaandikwa hapa. Haya mengine nayaandika kwa ruhusa yao wote wawili.

Barua iliandikwa kwa Kiingereza. Nami naileta hapa kwa Kiswahili ili uone urefu wake, maana urefu ni nusu ya maana yake:

"Wastani wangu katika miaka miwili ya kwanza ulikuwa 51, na katika miaka miwili ya mwisho ulikuwa 63. Julai 2014 amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa Lamu, na familia yangu, ambayo hutegemea uvuvi wa usiku, ikapoteza sehemu kubwa ya pato lake. Karo yangu ilichelewa mihula miwili, sikuruhusiwa kufanya mitihani miwili kwa wakati wake, na nilipoifanya baadaye kanuni haikuruhusu alama zaidi ya 40. Muda huo nilifanya kazi ya kupika alfajiri na mahudhurio yangu yalipungua, hata nilipopata mkopo katika mwaka wa tatu. Alama yangu ya 44 katika takwimu haihusiani na hayo. Somo lile lilinishinda, na sasa nalisoma upya. Tangu Januari 2019 naandika kila siku samaki wanaoshushwa bandarini Kizingitini, na nakala ya kurasa kumi za daftari hilo imeambatishwa pamoja na taarifa ya karo ya miaka ile."

Sentensi saba. Hamna "naomba mnihurumie", hamna "ninaahidi kufanya bidii". Kila jambo lina mwaka wake au nambari yake, na msomaji mwenye shaka aweza kulipima. Sentensi ya tano tulibishana juu yake. Binti aliona kwamba takwimu ingeweza kujificha nyuma ya karo bila ya mtu kuigundua, kwani muhula ulikuwa uleule. Nilimwambia kwamba udhuru ni kama kitanda cha kamba: ukimlaza mmoja aliyechoka kitamchukua, ukilaza na asiyechoka pamoja naye, wote wawili wataanguka. Aliitia sentensi ile kwa shingo upande.

Wengine wakija na barua kama hizi huandika habari za mgomo wa wahadhiri wa mapema mwaka 2017, au za kufungwa kwa vyuo Machi 2020 kwa ajili ya Korona. Ni kweli mambo hayo yalitokea na yaliumiza. Lakini asomaye maombi ana mbele yake vijana mia moja waliopatwa na mgomo uleule na maradhi yaleyale, na baadhi yao wana daraja la kwanza. Jambo lililowapata wote halielezi upungufu wa mmoja, isipokuwa mmoja huyo aonyeshe lilimpata vipi zaidi ya wenziwe: hakuwa na umeme, au alikuwa akiuguza mama, au kisiwa chake hakikuwa na mtandao. Mwingine aliniletea barua iliyomtaja Profesa Ali Mazrui mara tatu, kana kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akiomba nafasi.

Habari ya Mazrui, hata hivyo, yafaa kujulikana na kila kijana wa pwani, ingawa haifai kutiwa katika barua. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, alifariki mwaka 1947. Mwaka uliofuata kijana alifanya mtihani wa Cambridge, akapata daraja la tatu, na Makerere haikumpokea. Mtu mwepesi angeunganisha msiba wa 1947 na mtihani wa 1948, akatunga udhuru mzuri sana kwa niaba yake. Mimi siuungi, miaka kufuatana si ushahidi. Lijulikanalo ni kwamba alifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na kwamba alitoa hotuba katika sherehe ya Maulidi, na Gavana Philip Mitchell alikuwa miongoni mwa waliomsikia. Kutokana na hotuba ile njia ya msaada wa masomo ilifunguka. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza, akamaliza masomo ya sekondari Huddersfield, akapata shahada Manchester mwaka 1960, uzamili Columbia mwaka 1961, na uzamivu Oxford mwaka 1966. Na Makerere ileile iliyomkataa ndiyo iliyompa uprofesa kabla hajatimiza miaka 35.

Nilipomsimulia binti yule habari hii, alidhani namfariji. Sikuwa nikimfariji. Nilitaka aone kwamba daraja la tatu la Mazrui halikufutwa na mtu yeyote. Liko mpaka leo katika historia yake, na yeye mwenyewe hakulificha. Kilichobadilika ni kwamba kando yake kiliwekwa kitu kingine, nacho kilisikiwa kwa masikio ya watu kabla ya kuandikwa popote. Hotuba ya Mazrui haikueleza alama zake hata kidogo. Na daftari la Kizingitini nalo halikuanzishwa kwa ajili ya maombi. Binti aliporudi nyumbani bila kazi mwaka 2018 alikaa miezi michache, akachoka kukaa, akaanza kwenda bandarini na mizani na kalamu. Wavuvi walimcheka. Kisha wakaanza kumwita akichelewa.

Nitaongeza neno moja kwa wale ambao alama zao zatosha: nyamazeni. Fomu ikiuliza kama kuna jambo la kuelezwa, na wewe huna, acha nafasi tupu. Nimeona mwenye 66 akijitetea kwa aya tatu juu ya somo moja alilopata 52, hata msomaji akaanza kumshuku katika yale mengine. Na mwenye jambo zito lisilosemeka kwa kinywa chake mwenyewe, kama vile ugonjwa wa aibu au ugomvi wa nyumbani, aweza kumwomba mwalimu amjuaye alidokeze katika barua yake ya kumshuhudia. Hiyo nayo ni sitara, na ni sitara ya kweli.

Binti alipeleka maombi mahali pawili. Pa kwanza walimjibu kwa mistari miwili kwamba hawakuweza kumpokea. Pa pili walimwita kwa mahojiano. Alinisimulia kwamba habari ya karo haikuchukua hata dakika tano. Mmoja wao alitazama taarifa ya chuo, akatikisa kichwa, wakaendelea. Juu ya takwimu walimkalia kidogo, wakamwuliza alikuwa akisoma kitabu gani na amefika wapi. Saa nzima iliyobaki waliimaliza juu ya daftari: kwa nini kamba walipungua mwezi fulani, mizani ilikuwa ya namna gani, nani aliyemtajia majina ya samaki. Walimpokea kwa sharti la kumaliza somo la takwimu kabla ya kuanza utafiti, na akalimaliza.

Daftari la kwanza aliliacha nyumbani. Mzee hajui kusoma sana, lakini hesabu na tarehe huzifahamu, na jioni humtaka mjukuu amsomee. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa na mashitaka juu ya ukurasa mmoja wa Aprili, ambapo mwanawe ameandika kwamba upepo ulikuwa kusi. "Mwandikie," aliniambia, "mwambie siku ile yalikuwa maleleji, kusi lilikuwa halijaingia." Nikamwandikia. Akajibu kwamba ameongeza alama pembeni, na kwamba baba yake atajwe kuwa ndiye aliyesahihisha, akipenda. Mzee aliposikia alicheka, akaniuliza jina likiandikwa humo litasomwa na nani.

Nikamwambia na watu wa samaki. Akasema hao hawana neno.